Siku Saba za Kumwagilia

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote, msichana aliamshwa na mlango wa tanuri. Tanuri lenyewe halikuwa la mikate, lilikuwa la udongo. Mama yake alikuwa fundi wa maabara katika kambi ya wajenzi wa barabara, na kontena la maabara lilipakana na kontena walimolala wao wawili. Kila kulipokucha, mama alivitoa vikopo vya udongo uliokaushwa, akavipima kwenye mizani, akaandika uzito uliopungua. Uzito huo ndio uliokuwa wa maji. Wafanyakazi walimwita Mama Udongo, naye aliitika bila kinyongo.

"Umeamka?" mama aliuliza kupitia dirishani.

"Nimeamka."

"Chai iko kwenye chupa. Na mkate usiuache, leo una jaribio la hesabu."

Msichana alikunywa chai, akala mkate, akavaa sare. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hii ilikuwa shule yake ya tano. Barabara ikisogea mbele, kambi huhama, na kambi ikihama, mtoto hubadilisha shule. Ya kwanza aliililia siku tatu. Ya pili aliililia siku moja. Alipoiacha ya tatu alikaa kimya garini mpaka walipofika. Sasa alikuwa hana kilio wala furaha. Alikwenda shule, akajibu alichoulizwa, akarudi. Darasani walimbandika jina la Mgeni, na ingawa alikuwa amekaa nao miezi saba, hakuona haja ya kuwasahihisha.

Mtu mmoja tu hakukubali kupuuzwa. Huyo alikuwa jirani yake wa dawati, msichana mwenye mguu mmoja dhaifu aliyetembea kwa magongo mawili. Darasa zima lilimwita Redio, maana akishawashwa asubuhi hazimiki mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

"Mgeni," Redio alisema huku akiegemeza magongo ukutani, "leo nimehesabu. Kutoka getini hadi hapa nimeteleza mara nne. Kesho nakuja na breki."

"Mm."

"Hiyo 'mm' ni ya kucheka au ya kununa?"

"Ya kusikia."

Redio akacheka kwa niaba ya wote wawili.

Alichosema kilikuwa kweli. Njia ya kutoka getini ilipanda mteremko wa udongo wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi ilipasuka, na mvua ikinyesha iligeuka sabuni. Wenye miguu mizima walishikana mikono wakapanda. Redio alipanda peke yake, hatua moja moja, huku akitania ili watu wasimwonee huruma.

Ndipo mwalimu mkuu alipomwomba Mama Udongo ushauri. Mama alikuja Jumanne, akachota udongo, akausugua kwa maji kati ya vidole, kisha akaenda kuupima. Alhamisi alirudi akiwa na ruhusa ya mhandisi, mifuko michache ya saruji, lori la changarawe, na mtu wa mashine ya kushindilia. Aliwavalisha wanafunzi glavu, akiwaambia kwamba saruji mbichi inakula ngozi.

"Udongo huu peke yake ukilowa unavimba," aliwaeleza. "Changarawe inaupa mifupa. Saruji inaushika usitawanyike. Maji yawe ya kiasi, hatupiki uji hapa. Finya donge mkononi. Likishikamana bila kukuachia majimaji kiganjani, hapo tumefika."

Wakafinya. Redio alisema donge lake limeshikamana kuliko familia nyingi, na hata mwalimu mkuu akatabasamu. Wakachanganya, wakasambaza, na kabla saa mbili hazijapita mashine ilikuwa imeshindilia njia yote, ngumu na bapa kama meza.

"Sasa ndiyo kazi inaanza," mama alisema, na watoto wakaguna. "Msigune. Saruji haikomazwi na jua, inakomazwa na maji. Tunaifunika kwa magunia, tunayalowesha mara tatu kwa siku, siku saba. Ikikauka kabla ya wakati wake, mtabaki na vumbi."

Daftari likaandaliwa, lenye visanduku vya kutia alama. Siku za shule, wanafunzi wangepokezana zamu. Jumamosi na Jumapili, mlinzi angemwagilia nusu ya chini, karibu na geti. Nusu ya juu, karibu na madarasa, alipewa Mgeni, kwa kuwa kambi ilikuwa nyuma tu ya shule.

"Utaweza?" mwalimu mkuu alimuuliza.

"Nitaweza, mwalimu."

Ijumaa jioni mama alivua buti mlangoni, akakaa kitandani.

"Mwanangu, nimeambiwa leo. Mwisho wa muhula tunahama."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa, mama."

Jumamosi asubuhi Mgeni alikwenda, akabeba ndoo kutoka bombani, akalowesha magunia, akarudi. Akajilaza. Saa sita bati la kontena lilianza kulia kwa joto, naye akalisikiliza. Alijua wakati wa kumwagilia umefika. Alijua pia kwamba watu watakapoizoea njia ile, yeye atakuwa kwenye kambi nyingine, akielekezwa choo cha shule nyingine. Hakuwa amechoka wala hakuwa na hasira. Hakuinuka tu. Jumapili hakwenda kabisa.

Jumatatu alifika kabla ya wenzake. Magunia yalikuwa yamekauka, yamekakamaa kama karatasi. Aliyamwagia maji, akafungua daftari, akatia alama kwenye visanduku vyote sita vya Jumamosi na Jumapili. Akalirudisha daftari mahali pake, akaingia darasani.

Ijumaa magunia yaliondolewa. Kwa macho, njia ilikuwa moja, chini na juu. Redio aliipanda huku akiimba, akatangaza kwamba sasa anahitaji leseni.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi Redio alipanda kama alivyozoea, pasipo kuangalia chini. Hatua chache kabla ya mlango wa darasa, ncha ya gongo la kulia ilitoboa ganda la juu na kuzama. Gongo likabaki pale, yeye akaanguka mbele, uzito wote ukamwishia kwenye kiganja. Mgeni alikuwa nyuma yake. Aliusikia mkono ukigonga chini.

Kwenye zahanati walisema mfupa una ufa. Mkono ukafungwa plasta, na mwenye magongo asiye na mkono hana pa kwenda. Redio alibaki nyumbani. Siku zilizofuata darasa likawa na ukimya ambao Mgeni alikuwa hajawahi kuusikia pale. Alitazama nusu tupu ya dawati. Alijaribu kuona uchungu, akakosa.

Mama aliitwa. Alikuja na nyundo na msumari mrefu. Pale chini karibu na geti, alipigilia msumari nao ukapinda. Pale juu, uliingia kama kwenye mkate.

"Siku moja, mashine moja, mchanganyiko mmoja," mwalimu mkuu alisema. "Imekuwaje, mama? Wazazi wananiuliza. Nilikuwa nataka tuendelee mpaka chooni, sasa nitawaambia nini?"

"Naomba daftari la kumwagilia."

Akaletewa. Mgeni, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa darasa, alimwona mama akipitisha kidole juu ya zile alama sita, kisha akilifunga daftari taratibu.

"Walimwagilia," mama alisema. "Basi kosa ni langu. Huku juu tulimalizia. Huenda mchanganyiko wa mwisho niliupima vibaya."

Jioni ile, kwenye kontena la maabara, mama alikaa na karatasi mbele yake. Vifaa vilikuwa vya kambi, kwa hiyo ilibidi amwandikie mhandisi taarifa. Mgeni alileta chai, akaiweka kando ya mizani.

"Sielewi," mama alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nilipima kwa mkono wangu. Miaka kumi na minne, sijawahi kuandika barua ya namna hii." Alivua miwani, akafumba macho, akaivaa tena. Akaandika: *Kosa ni la maabara.*

Mgeni aliyasoma maneno yale yakiwa bado hayajakauka wino.

"Sikumwagilia," akasema.

Mama akainua kichwa.

"Jumamosi nilikwenda asubuhi tu. Jumapili sikwenda."

"Na alama?"

"Nilitia Jumatatu. Zote."

Mama aliweka kalamu chini. Nje mtu alikuwa akiosha lori, maji yakisikika yakigonga bodi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Tunahama," alisema Mgeni. "Nikaona haina maana."

"Na Redio alipoanguka?"

"Sikuhisi kitu. Najaribu kuhisi, mama, sihisi." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, kama anayesoma ubao.

Alitegemea kugombezwa. Mama alimvutia kiti, akamkalisha.

"Hilo la kutohisi si kosa lako peke yako," mama alisema. "Tumekuhamisha kama tunavyohamisha kontena. Tunalinyanyua, tunalishusha, hatuliulizi. Hilo tutaliongea mimi na wewe, na baba yako akipiga simu kutoka huko mbali anakofanya kazi, ataliongea pia. Lakini kesho utamwambia mwalimu mkuu, kwa mdomo wako. Kisha utamwambia Redio. Usisubiri uhisi kwanza ndipo utende haki. Tenda, hivyohivyo ulivyo. Moyo utakukuta njiani."

Akaichana barua.

Kesho yake mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mlinzi na kumwambia mbele ya Mgeni, "Nilikushuku wewe kwamba uliiba saruji ya huku juu. Nisamehe." Mlinzi akasema hakuna neno. Mgeni alikuwa hajui kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa akishukiwa.

Nyumbani kwa Redio ilikuwa vigumu zaidi. Redio alikaa kibarazani, mkono umeninginizwa shingoni, magongo yamelazwa chini. Mgeni alisema yote akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Redio hakutania.

"Ulitia alama?" aliuliza.

"Nilitia."

"Mimi nilidhani ni uzembe wangu. Nimemwambia mama kwamba sikuangalia. Kaniambia nipunguze mdomo nikiwa natembea." Aliangalia plasta yake. "Sina la kukuambia leo. Rudi kesho."

Mgeni alizoea kuondoka, hakuzoea kurudi. Kesho yake alirudi. Redio alimwonyesha mahali pa kukaa, akamwambia amsomee masomo aliyokosa. Mgeni akasoma ukurasa mzima wa sayansi, na alipofika katikati ya ukurasa wa pili sauti ilimkatika. Hisia zilimrudia kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka, vichomi vidogo vidogo, visivyo na raha hata kidogo. Alifunga kitabu, akakishika.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe plasta ikitoka," Redio akajibu. "Kwa sasa soma. Umeishia kwenye mizizi."

Jumamosi nusu ya juu ilivunjwa. Mgeni alipiga sururu pamoja na mlinzi mpaka viganja vikamchubuka. Udongo wa zamani ukasagwa, ukaongezewa changarawe na saruji mpya, ukapewa maji ya kiasi, ukashindiliwa. Kisha magunia. Siku saba, mara tatu kwa siku, Mgeni alibeba ndoo: alfajiri kabla ya shule, saa sita wengine wakienda kula, na jioni jua likielekea kuzama. Siku ya nne alikuta mlinzi tayari ameshika ndoo, akamwomba amwachie kazi hiyo. Daftari hakulitia alama mwenyewe. Kila mara alimwita mtu mwingine aone magunia yaliyolowa, ndipo mtu huyo atie alama.

Siku ya nane mama alipigilia msumari wake pale juu. Ulipinda. Akagonga kwa nyundo, na njia ikatoa sauti ya jiwe. Mwalimu mkuu akasema wataendelea mpaka chooni, na saruji ataiomba tena.

Redio alirudi shule plasta ilipotolewa. Alifika getini asubuhi yenye manyunyu, akasimama, akaipima njia kwa ncha ya gongo.

"Nipite?" akauliza.

"Pita," Mgeni alisema. "Nimemwagilia."

Redio akapita, safari hii pasipo kuimba, macho yakiwa chini. Imani ilikuwa bado inakomaa, na Mgeni alielewa kwamba hilo nalo lina siku zake. Juu, mlangoni mwa darasa, Redio aligeuka. "Haya, nimekusamehe. Lakini taarifa ya habari nitaitangaza mwenyewe."

Mama Udongo alikuwa amesimama nje ya darasa kando ya mwanawe, nyundo mkononi.

"Nimefanya kazi kwenye barabara tisa," alisema. "Hakuna hata moja niliyobaki kuitumia. Ikiisha tu, tunapakia vitu."

"Huumii?"

"Mwanzoni niliumia sana. Bado naumia kidogo, na ni afadhali hivyo. Lakini mtu anayepita juu ya barabara hanijui, wala hahitaji kunijua. Gari la wagonjwa likipita, dereva hatazami chini kuona ni nani alipima udongo. Anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwangu: siku niliyoandika kwamba nimepima, niwe nilipima kweli. Kwenye kazi yoyote, mwanangu, hata ile ambayo hutakaa kuiona, alama unayotia ni ahadi kwa mtu usiyemjua."

Kupitia mlango wa darasa, Mgeni aliyatazama magongo yaliyoegemezwa ukutani, yakiwa safi, hayana tope. Kengele ikalia.

"Zimebaki siku ngapi tuhame?" aliuliza.

"Kumi na tisa."

"Ni chache," alisema Mgeni, na safari hii ilimuuma. Akaingia darasani, akakaa kwenye dawati, na kabla Redio hajafungua mdomo, akaanza yeye kuongea.