Chungu Kimoja, Damu Mbili

Fundi cherehani alikuwa kwenye mashine yake, akishona sare za shule. Mumewe, seremala, aliingia akicheka mpaka gego la mwisho likaonekana.

"Mama watoto, nimepima sukari. Niko sawa kabisa!"

"Hongera. Basi na mimi niko sawa," mkewe alisema bila kuinua macho. "Si tunakula chungu kimoja?"

Hapo ndipo walipoteleza. Watu wazima na akili zao, waliamini damu ya mmoja inatosha wawili.

Jirani yao nesi alikuwepo, amekuja kupanuliwa gauni. Alishika kiuno.

"Chungu kimoja, sawa. Na mimba ya mwisho aliibeba nani?"

"Mimi."

"Sukari haikupanda?"

Fundi alisimamisha mashine. Ilipanda kweli. Alipojifungua ilishuka, naye akasahau. Sasa aliingiwa na hofu. Kisukari kikimharibia macho, atashonaje?

Kesho yake alikwenda zahanati alikofanya kazi nesi huyo, kabla ya kula chochote, mumewe nyuma. Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri.

"Nilisema mimi!" seremala alinyanyuka. "Twende nyumbani."

"Kaa chini, shemeji," nesi alisema. "Kwa wanaume, mara nyingi sukari hujionyesha mtu akiwa hajala. Wanawake wengi huwa sawa asubuhi, lakini wakishakula inapanda na kukawia kushuka. Na aliyewahi kupata sukari ya mimba ndiye hasa wa kuangaliwa."

Alimpa fundi maji ya glukosi anywe. Wakasubiri saa mbili, seremala akipiga miayo kuliko anayepimwa. Kipimo cha pili kilikuwa juu.

"Kisukari bado," nesi alieleza, "ila umefika mlangoni. Unaweza kurudi nyuma."

Fundi alishika maneno hayo. Chai akanywa bila sukari. Nusu ya sahani ikawa mboga za majani. Kila jioni alitembea nusu saa, seremala akimsindikiza huku akilalamikia magoti, mpaka suruali zake mwenyewe zikaanza kumvuka.

Baada ya miezi sita fundi alikunywa tena ile glukosi. Saa mbili zilipita. Safari hii sukari ilikuwa ya kawaida. Fundi alimkumbatia nesi mbele ya foleni nzima.

"Tumepona!" seremala alipiga kelele.

"Tumepona na nani?" mkewe alimjibu, machozi ya furaha yakimtoka. "Damu ni yangu, baba watoto. Na mwakani naipima tena."