Barua ya Mwezi Haikai Nyuma ya Sanamu

Nyumba ya fundi ina vyumba viwili, jiko la nje, na kona moja ambayo haiguswi. Kona hiyo ni ya Bibi. Pana meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake sanamu ya Mama Maria, mshumaa na rozari. Paka akipanda hapo hufukuzwa kwa kandambili. Fundi mwenyewe, mwenye nyumba, akiweka funguo zake hapo huambiwa, "Ondoa. Hapa si dukani."

Fundi ni mtoto wa Bibi. Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Anatengeneza madirisha, milango na mageti. Mke wake anapiga pasi shuka za hospitali, asubuhi mpaka jioni. Wana mtoto mmoja, msichana wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya Kanisa Katoliki. Mtoto huyu anaongea tangu anapoamka mpaka anapolala, na siku nyingine hata usingizini. Kwa hiyo wote wanamwita Chiriku.

Kila siku saa tisa alasiri, Bibi humchukua Chiriku shuleni. Na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Chiriku hutoka na barua ya shule kwa familia. Ukurasa wa kwanza una picha ya Mama Maria, maana ndiye msimamizi wa shule. Chini ya picha ndiyo habari zenyewe: mikutano, Misa ya shule, sare, siku za kufungua na siku za kufunga.

Bibi hajui kusoma. Lakini picha anaijua. Alipoipokea barua hiyo alifuta mikono kwanza kwenye upindo wa nguo yake.

"Leta hapa. Wewe una mikono ya wino."

"Bibi, ndani kuna maneno. Mwalimu amesema isomwe nyumbani."

"Itasomwa. Kwanza iheshimiwe."

Basi barua ilikunjwa vizuri, ikabusiwa, ikawekwa nyuma ya sanamu. Mwezi uliofuata ilikuja nyingine, nayo ikaungana na mwenzake. Siku moja mama wa Chiriku aliuliza, "Mama, shule hawana habari yoyote?"

"Shule ni njema," Bibi alijibu. "Wanamheshimu Mungu."

Mama alikuwa amechoka. Hakuuliza tena.

*

Ijumaa moja, mchana wa jua kali, fundi alikuwa karakanani. Alikuwa amevaa kinyago cha kuzuia cheche, amepiga goti mbele ya dirisha la mteja. Akasikia sauti nyuma yake.

"Baba!"

Alizima mashine. Akainua kinyago. Chiriku alikuwa amesimama peke yake, begi mgongoni, soksi za kijivu zimekuwa rangi ya udongo.

"Umekuja na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe nani?"

"Na mimi mwenyewe! Nilichoka kungoja. Malori yalikuwa mengi, Baba. Moja likanipigia honi, nikalipungia mkono."

Fundi aligeuka kutazama barabara. Kati ya shule na karakana ipo barabara kuu ya malori ya mawe. Barabara ile hata mbwa husimama wakatazama kabla ya kuvuka.

Hakuvua hata aproni. Alimshika mtoto mkono, wakavuka pamoja, wakafika shuleni. Geti lilikuwa limefungwa. Alilipiga kwa kiganja mpaka likalia kama kengele.

"Hili geti nimelichomelea mimi!" alimwambia mlinzi. "Kwa mikono hii! Nililitengeneza lizuie mwizi kuingia na mtoto kutoka. Leo limemzuia nani?"

"Taratibu, kaka," mlinzi alisema. "Nilikuwa naelekeza lori la maji nyuma ya jiko. Niliporudi sikumwona kwenye benchi. Nimemtafuta mpaka vyooni."

"Umemtafuta vyooni, naye alikuwa katikati ya malori!"

Sista, mwalimu mkuu, alitoka ofisini. Ni mwanamke mfupi, anayezungumza polepole hata mbele ya mtu anayefoka. Wazazi wawili waliokuwa wakisubiri ofisini walitoka nyuma yake, wakasikiliza.

"Karibu, fundi. Leo ni Ijumaa ya kwanza. Siku hii watoto hutoka saa sita mchana, kwa sababu walimu wana Misa na mkutano. Tuliandika kwenye barua ya mwezi."

"Barua gani? Sijawahi kuiona barua!"

Chiriku alifungua begi, akatoa barua mpya. Fundi aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipita salamu ndefu za mwanzo. Akapita soksi nyeupe na viatu vyeusi. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchwa, alikuta maneno haya: Ijumaa ya kwanza, saa sita.

"Miezi iliyopita mtoto alikaa wapi mpaka saa tisa?" aliuliza.

"Kwenye benchi la mlinzi," Chiriku alijibu. "Ananifundisha kupiga mluzi. Bibi akija hudhani wenzangu wametangulia."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilimwambia Bibi akiwa kwenye rozari, akasema nyamaza. Alipomaliza nikawa nimesahau."

"Na barua za nyuma ziko wapi?"

"Bibi anampa Mama Maria."

Mzazi mmoja alicheka. Hakukusudia ubaya, lakini kicheko kilimtoka. Fundi alikisikia, na kikamchoma kuliko cheche za kazini.

"Sawa," alisema. "Jumatatu mtoto huyu haji. Tafuteni mwingine wa kumwacha barabarani."

*

Nyumbani, Bibi alikuwa anavaa viatu ili aende shuleni kwa saa yake ya kila siku. Alipomwona mwanawe na mjukuu mlangoni, alibaki na kiatu kimoja mkononi.

Fundi hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona isiyoguswa. Akaingiza mkono nyuma ya sanamu, akatoa rundo la barua.

"Mama! Mtoto wangu amekoswakoswa na malori kwa sababu ya hizi. Kwa nini umezificha?"

Bibi alisimama wima, kiatu kimoja mguuni.

"Sikuficha. Mwizi ndiye anayeficha. Mimi niliheshimu. Na usinifokee mbele ya Mama Maria, wala nyuma yake."

"Heshima hiyo ingetuzikia mtoto!"

Bibi aliweka chini kiatu cha mkononi. Alimtazama Chiriku, kuanzia nywele mpaka soksi. Kisha akaketi.

Kelele zile zilivuka ukuta. Jirani yao ni katekista, mwalimu wa dini wa parokia, na nyumbani kwake hushona nguo. Alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Hodi humu? Nimesikia Mama Maria anatajwa, nikajua si bure."

Alielezwa. Chiriku alieleza mara mbili, mara ya pili na honi ya lori. Katekista hakucheka. Aliichukua barua moja, akakaa karibu na Bibi.

"Mama, ulifanya hivi kwa nia gani?"

"Ina picha takatifu. Nilifundishwa tangu utoto, picha takatifu haitupwi wala haichezewi."

"Ulifundishwa vizuri. Kitu kilichobarikiwa hatukitupi jalalani. Kikichakaa tunakichoma au tunakifukia. Lakini hii haikubarikiwa. Ni karatasi ya habari. Picha iko pale kutuonyesha ni shule gani inayosema nasi."

Bibi aliweka kidole chini ya picha, penye maneno.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nabusu tangazo la soksi?"

"Umebusu picha, Mama, na Mama Maria hajakasirika. Ila soksi hazikununuliwa."

Hata fundi alitabasamu, ingawa hakutaka.

"Sasa tuseme ukweli," katekista aliendelea. "Kosa halikuwa la Bibi peke yake. Wewe fundi, umewahi kuuliza barua ya mwezi iko wapi?"

"Mimi nashinda kazini."

"Na shule inajuaje hilo? Barua ikija, isomwe siku ileile, kwa sauti, kila mtu akiwa anakula. Chiriku anajua kusoma, na kuongea hahitaji kuombwa. Mnapofika kwenye siku na saa, mnasimama. Mnaulizana: siku hiyo ni nani atakwenda? Msiondoke hapo mpaka mmoja aseme, ni mimi. Halafu barua inatundikwa mahali ambapo wote mnapita. Na jambo msiloelewa, mnakwenda kuuliza shuleni. Kuuliza si aibu."

"Na picha?" Bibi aliuliza. "Siwezi kumtundika Mama Maria jikoni akapigwa na moshi. Hilo sikubali, hata aje askofu."

Katekista alifikiri kidogo. Akatoa mkasi mfukoni.

"Picha ikate, ibaki kwenye kona yako. Maneno yaende jikoni."

Bibi aliupokea mkasi. Aliikata picha ya kwanza taratibu, kwa kufuata ukingo. Nyuma ya picha palikuwa peupe, hapakuwa na neno la kupotea. Alimaliza rundo lote.

Chiriku alikuwa amenyamaza, jambo ambalo nyumba ile haikulizoea.

"Baba," alisema mwishowe, "Jumatatu nitakwenda shule gani?"

Fundi alitazama sakafu. "Nimeshasema mbele ya watu. Siwezi kurudi pale wakanicheka tena."

"Utarudi," Bibi alisema. "Na mimi nitakwenda nawe. Sikuzaa mtoto wa kujificha nyuma ya vyuma. Wakicheka, watanicheka mimi kwanza, na meno yao nitayahesabu."

*

Jumatatu asubuhi walikuwa ofisini kwa Sista: fundi, Bibi, na Chiriku mwenye soksi mpya. Mama wa Chiriku alizinunua Jumamosi, baada ya kusoma barua zote.

Fundi hakukaa alipokaribishwa. Alisema akiwa amesimama.

"Sista, Ijumaa nilipiga kelele. Kwa kelele, naomba msamaha. Kwa swali langu, siombi. Mtoto wa darasa la tatu alipitaje geti peke yake?"

"Swali lako ni la haki," Sista alijibu. "Tulitakiwa kumweka ndani mpaka mtu wake aje. Hilo ni kosa letu, nami nakuomba msamaha. Tangu leo hakuna mtoto mdogo anayetoka bila mtu wake, awe saa sita au saa tisa. Lakini nami nina langu. Njoo."

Aliwapeleka mpaka getini. Akaonyesha komeo. Lilikuwa chini, usawa wa kifua cha Chiriku.

"Nani aliliweka hapa?"

Fundi alilitazama komeo lake. Mlinzi alitazama juu, kama anayesubiri mvua.

"Ni mimi," fundi alisema. "Nitalipandisha leo. Lakini na ninyi pandisheni saa! Mmeiweka chini ya barua kama mnaionea haya. Sisi tunasoma tukitoka kazini, na macho yamechoka. Siku na saa ziwe juu, ukurasa wa kwanza, kwa herufi za kuonekana."

"Na ziandikwe fupi," Bibi aliongeza. "Salamu nyingi za nini? Tukitaka salamu tutakuja kusalimiana."

Sista alicheka. "Bibi, mbona unasema kama unasoma?"

"Nitasoma," Bibi alisema. "Usinitazame mvi. Mwalimu wangu ninaye nyumbani, na kunyamaza hajui."

*

Mwezi ule, kila jioni, Chiriku alimfundisha Bibi kwenye barua iliyotundikwa mlangoni mwa jiko. Alianza na neno Ijumaa, kisha maneno saa sita. Bibi aliyafuata kwa kidole chenye masizi. Alipokosea aligomba na herufi, si na mwalimu. "Hii nayo imejipinda bure," alisema. Lakini hakuacha.

Ijumaa ya kwanza ilifika. Jua lilikuwa bado halijapanda sana, Bibi akawa amekwisha kuketi kwenye kigoda mbele ya geti. Komeo lilikuwa juu, jipya, linang'aa.

"Mama, umewahi mno," mlinzi alisema. "Nani kakuambia leo ni saa sita?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimesoma."

"Umesoma wewe?"

"Unataka nikusomee na wewe?"

Mlinzi akamletea maji.

Kengele ililia. Mlinzi alinyoosha mkono, akafungua komeo. Aliita watoto mmoja mmoja, na kila mtoto alikabidhiwa kwa mtu wake. Chiriku alitoka akiongea, na barua mpya mkononi. Juu kabisa, pembeni ya picha, siku na saa ziliandikwa kwa herufi nene. Hata aliye upande wa pili wa geti angeziona.

"Bibi, ngoja! Kwanza ufute mikono!"

Bibi alikuwa amemenya viazi asubuhi ile, na vidole vyake vilikuwa bado na udongo. Akavitazama. Kisha akaichukua barua vivyo hivyo.

"Nitafuta nikimaliza," alisema, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.