Tangazo Lililoingia Kwenye Blogu ya Nyakio

Jumamosi, baada ya vyombo kuoshwa, Nyakio aliketi mbele ya kompyuta pale sebuleni kwao, mtaa wa Woodley. Mama yake, Waringa, aliketi kando yake akichambua mboga za terere. Waringa alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Ndiye aliyemfanya Nyakio aanze kuandika.

"Leo waambie habari ya ugali wa wimbi," Waringa alisema. "Waambie ni kipande kidogo, si mlima."

Nyakio alicheka, akaandika. Blogu yake iliitwa Sahani ya Mama. Aliandika jinsi ya kumpikia mgonjwa wa kisukari kwa vyakula vya sokoni, bila vitu vya bei ghali. Kila alichoandika alimuuliza kwanza muuguzi wa kliniki ya mama yake. Watu walisoma, wakauliza maswali, naye akawajibu mmoja mmoja.

Ila wasomaji walikuwa wachache. Mume wake, Thuo, ndiye aliyeleta habari za Lenox. Kijana huyo alikuwa na ofisi ghorofani, katikati ya jiji. Kazi yake ilikuwa kukuza blogu za watu.

Walipomtembelea, Lenox alikuwa mchangamfu. "Sasa, madam," alisema. "Blogu yako ni poa, lakini iko kimya. Nitakuwekea plagini yetu. Hiyo moja inaleta wageni, inaleta matangazo, na inahesabu nani ameingia."

"Plagini ni nini?" Nyakio aliuliza.

"Ni programu ndogo tu. Inachomekwa kwenye blogu, inafanya kazi yenyewe. Wewe usijali. Nipe neno la siri, nitamaliza hapa hapa."

Nyakio alimpa. Kweli, wiki hiyo kaunta, ile namba ya wageni kwenye ukurasa, ilianza kupanda kama maziwa jikoni. Matangazo yalitokea pembeni mwa ukurasa: viatu, simu, nyumba za kupanga. Thuo alifurahi. Nyakio naye alifurahi. Wageni walipozidi, hakuona haja ya kutazama kila tangazo.

Halafu simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwanamke mwenye hasira.

"Wewe ndiye Nyakio wa Sahani ya Mama? Mimi naitwa Namalwa, tunakaa mtaa wa Mountain View. Baba yangu aliwahi kukuuliza kama anaweza kula viazi vitamu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mzee Were. Anaendeleaje?"

"Amelazwa. Aliacha sindano ya insulini. Alisema wewe umemwambia aache."

Nyakio alishika meza. "Mimi? Siwezi kusema hivyo, dada yangu. Hata mama yangu anadungwa kila siku."

"Basi fungua blogu yako uone. Na barua pepe mliyomtumia ninayo. Inaanza hivi: Mpendwa Mzee Were, tunakuandikia kutoka Sahani ya Mama. Baba alinunua hizo chupa za dawa mnazozitangaza, akaweka sindano kando. Tulimkuta hajitambui."

Nyakio alifungua blogu. Chini ya makala yake ya ugali wa wimbi, palikuwa na picha ya chupa ya kijani. Maneno makubwa yalisema: Kunywa hii, tupa sindano, kisukari kwisha. Hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni tangazo. Mtu angedhani ni Nyakio anayesema.

Waringa alimwomba binti yake amsomee. Aliposikia, akasukuma sufuria kando. "Wametumia jina lako, karibu wamuue mtu," alisema polepole.

Nyakio hakulia. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Rael. Rael alikuwa mtaalamu wa tovuti katika ofisi moja kule Upper Hill, naye alikuwa nyumbani siku hiyo.

"Mama Kibe, kaa kwanza," Rael alisema alipomwona, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nitakaa nikishajua nimefanyiwa nini."

Walirudi pamoja kwenye kompyuta. Rael alifungua ukurasa wa plagini, akasoma kwa muda.

"Sikiliza," alisema. "Plagini si kitu kibaya. Ni kama fundi unayempa ufunguo wa nyumba. Mmoja anatengeneza taa, anaondoka. Mwingine anabaki ndani akifungua makabati. Huyu wako amefungua makabati. Msomaji akiuliza swali, huacha anwani yake ya barua pepe. Wewe tu ndiye unapaswa kuiona. Plagini hii inaichukua, pamoja na jina na swali lenyewe, inampelekea muuza dawa, naye anamwandikia kwa jina la blogu yako."

"Na wale wageni wote kwenye kaunta?"

"Wengi si watu. Ni roboti, programu zinazozurura kwenye mtandao. Kaunta hii inazihesabu kama watu. Hata wewe ukifungua blogu yako mara kumi, inakuhesabu wageni kumi."

Nyakio aliinuka. "Nataka kumwona huyo kijana."

"Tutamwona. Kwanza tufunge mlango."

Rael alimwonyesha hatua zote, na Nyakio akafanya kwa mkono wake mwenyewe. Alihifadhi nakala ya makala zake. Akazima plagini, kisha akaifuta kabisa. Akabadilisha neno la siri, akaapa hatampa mtu tena.

Jumatatu walipanda ngazi za ofisi ya Lenox. Nyakio aliweka mezani nakala ya barua aliyotumiwa Mzee Were, ambayo Namalwa alikuwa amempelekea.

"Madam, hiyo ni biashara ya kawaida," Lenox alisema. "Matangazo yanaingia yenyewe. Sisi hatuchagui."

"Kama hamchagui, jina la mzee lilifikaje kwa muuza chupa?"

Lenox alitazama dirishani. "Ulikubali masharti."

"Ulinionyesha masharti gani? Nilikubali uhesabu wageni. Sikukubali uwauze. Mtu amekuja kwangu akiwa mgonjwa, akauliza kuhusu viazi, nawe ukamkabidhi kwa mwongo. Mzee yuko hospitalini, na wewe unaniambia habari ya masharti."

Nyakio akachukua barua yake, akatoka. Hakupata hata pole.

Jioni hiyo aliandika makala iliyokuwa ngumu kuliko zote. Alieleza kila kitu, bila kujificha. Aliwaambia wasomaji: Msiache sindano. Mkipata barua yenye jina langu inayouza dawa, si yangu. Nakala ya ile barua aliipeleka kwa wakaguzi wa dawa, yeye pamoja na Namalwa.

Kisha Rael akamfundisha kuchagua plagini. Kabla ya kuweka yoyote, walitafuta ni nani aliyeitengeneza, kama bado anaitunza, na waliokwisha kuitumia wanasemaje. Waliweka moja inayoonyesha makala zinazofanana mwishoni mwa kila ukurasa, ili aliyesoma habari za wimbi aone pia za maharagwe. Nyingine ilisaidia makala kupatikana mtu anapotafuta mtandaoni. Ya tatu ilihesabu wageni bila kuchukua majina, ikaziacha roboti nje. Ya matangazo ilionyesha yale tu ambayo Nyakio ameyakubali, na juu yake paliandikwa wazi: Tangazo.

Hesabu ilishuka sana. Thuo alipoiona alisikitika. "Wamebaki hawa tu?"

"Hawa ni watu," Nyakio alisema.

Nao waliongezeka, taratibu. Duka la miwani liliomba nafasi ya tangazo. Nyakio alikwenda kuliona kwanza, akalikubali. Muuza chai ya kuponya kila ugonjwa aliomba pia, akamkatalia.

Mzee Were alipopata nafuu, Namalwa alimleta Woodley. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa amezirudia sindano zake, na alikula chakula cha Waringa bila kubakiza. Walipomaliza, alimgeukia Nyakio.

"Yule kijana bado yuko mjini?"

"Yuko, Mzee. Amebadilisha jina la kampuni tu. Bado anauza ile plagini."

Mzee Were alisogeza kiti chake karibu na kompyuta. "Basi andika tena," alisema. "Safari hii weka na jina langu. Nimekuruhusu mimi mwenyewe."