Nilijivunia Kuitwa Mama Kevin, Nikampoteza Moraa

Nina miaka hamsini na moja. Ni mama wa mtoto mmoja, naishi Brooklyn Park huku Minnesota, na kazi yangu ni kuwatunza wazee. Nimeosha migongo ya wazazi wa watu, nimewalisha, nimewafunika blanketi... na wangu mwenyewe nikamwacha kwenye baridi. Ndiyo, mimi! Nikimaliza, wasomaji wenzangu, mnihukumu mtakavyo. Hamtanizidi.

Jina langu ni Beatrice, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyelitumia. Mnatujua sisi. Ukishazaa, jina lako linaenda likizo. Kanisani, kwenye chama, hata kwenye simu za watu nilikuwa Mama Kevin. Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Baba Kevin alibaki Kisii na mke mwingine, na ndugu zangu walinikumbuka wakitaka karo tu. Jina hilo ndilo lililonionyesha kwamba nami nimefanya kitu duniani.

Na Kevin alikuwa wa kujivunia! Mpole, hana makuu, alipiga kinanda kanisani tangu akiwa mdogo. Kiswahili alikisikia chote ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi huku. Alipomaliza high school alipata kazi kwenye bohari kubwa kule Shakopee, huku akisoma.

Siku moja tukitoka madukani Roseville, mimi nikiendesha, aliniomba nipunguze redio. Akaniambia jambo alilokuwa amelibeba tangu utotoni: kwamba yeye si mvulana, hajawahi kuwa mvulana moyoni. Ni msichana, na amechoka kujificha. Akasema pia amechagua jina. Moraa.

Moraa ni jina la marehemu mama yangu. Na hakuliokota tu... Mimi mwenyewe nilizoea kumwambia, tukicheka, kwamba angezaliwa msichana angeitwa Moraa, maana kwetu watoto hurithi majina ya waliotangulia. Mtoto alikuwa amelihifadhi jina lile miaka yote hiyo!

Mnajua nilijibu nini? Mtoto analia kando yangu, anasubiri neno la mamake. Nami nikasema, "Sasa mimi nitaitwa nani?"

Hilo ndilo lililotoka. Si "pole". Si "umeteseka tangu lini, mwanangu?" Nitaitwa nani! Hata leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

"Mum, please," akasema, "it's not about you."

Nikaongeza sauti ya redio.

Nilikaa na mzigo ule kifuani wiki kadhaa, kisha nikamwendea rafiki yangu Mama Sheila. Tulikuwa chanda na pete. Alipofika Marekani mara ya kwanza alilala kwenye kochi langu. Nikamweleza yote, akanishika mkono, akajigonga kifua na kuniambia, "Mama Kevin, hii imeingia hapa, haitoki."

Haitoki! Jumapili iliyofuata, katikati ya maombi, Mama Sheila alisimama akaliomba kanisa limkumbuke Mama Kevin, kwani kijana wake ameingiwa na roho ya kutaka kuwa mwanamke. Alisema kwa huruma, tena machozi yakimtoka. Kanisa zima likageuka. Na mtoto wangu alikuwa pale mbele, vidole vikiwa juu ya kinanda.

Usaliti ule uliniuma, sikatai. Lakini siandiki haya kwa sababu ya Mama Sheila. Pasta aliniuliza kwa upole kama nina lolote la kusema. Nilipewa nafasi, jamani! Ningesema, "Huyu ni mwanangu, tuachieni wenyewe." Badala yake nikainuka, nikarekebisha kilemba changu, nikasema, "Mimi nilimzaa Kevin. Huyo mwingine simjui."

Watu wakaitikia amina. Wengine wakapiga makofi.

Mtoto alizima kinanda taratibu, akakifunika, akatoka kwa mlango wa nyuma. Koti lake lilibaki kwenye kiti. Ilikuwa Januari, na mnaoishi huku mnaijua Januari yetu.

Hakurudi nyumbani. Nilijiambia njaa itamrudisha... Kumbe alikuwa analala ndani ya gari lake huko Shakopee, anawasha injini apate joto, anaizima mafuta yasiishe, anaiwasha tena. Mimi wakati huo niliwaambia watu kwamba Kevin amehamia chuoni. Nilisema uongo huo nikitabasamu.

Waliomwokoa ni watu wa shirika dogo la kijamii kusini mwa Minneapolis. Limeanzishwa na watu waliobadili jinsia wenyewe, na linawapokea wenzao pamoja na vijana wapendao jinsia moja ambao wamefukuzwa kwao. Wanawatafutia pa kulala, wanawapeleka kwa daktari asiyewacheka, wanakwenda nao mahakamani kubadilisha majina, na kila Jumamosi wanapika chakula cha wote. Nilikuwa nimesikia habari zao zamani. Nilizoea kusema kwamba wanaiba watoto wa watu.

Nilipopata fununu kwamba mtoto yuko pale, nilipika chapati na chinsaga, mboga anazozipenda kuliko zote, nikaenda kumchukua. Mapokezi nilimkuta mama mmoja Mmarekani mweusi, mrefu, wa umri wangu, mwenye hereni kubwa na sauti nzito. Wanamwita Miss Loretta. Nilipomwona nikajua kwamba naye alizaliwa akiitwa jina lingine, na nikamdharau papo hapo.

Nikamwambia namtafuta Kevin. Akajibu kwamba pale hakuna Kevin.

"Mimi ni Mama Kevin!" nikapaza sauti, kama kwamba hilo ni cheo.

Hakukasirika. Aliniambia kwamba wao hawatoi habari za wanaokuja pale, kisha akaniuliza polepole kama mtoto wangu ana jina lingine analolitumia.

Wasomaji, yule mama alikuwa ananifungulia mlango! Nilijua vizuri kabisa anachotaka. Neno moja tu. Tena jina la mama yangu mzazi, jina nililolitamka tangu najifunza kusema... Mdomo ukakataa. Nikabeba chapati zangu nikaondoka.

Moraa alikuwa upande wa pili wa ukuta. Aliisikia sauti yangu, akasimama karibu na mlango, akangoja nimwite. Miss Loretta ndiye aliyenisimulia, muda mrefu baadaye, na alinisimulia kwa sababu nilimwomba mwenyewe. Aliposikia gari langu linaondoka, mtoto alikaa chini sakafuni hapohapo alipokuwa.

Baada ya hapo akabadilisha nambari ya simu. Akaacha kazi Shakopee. Na wale walioniitikia amina? Wakaanza kunikwepa mmoja mmoja. Mama Sheila akawa hapokei simu zangu. Nilibaki na jina langu la Mama Kevin, na sina hata mtu wa kuniita.

Kazini tulikuwa na mama mmoja Mkongomani, Maman Furaha, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Alinisikiliza nikilalamika wakati wa mapumziko, kuhusu kanisa, kuhusu lile shirika, kuhusu jina. Akauliza, "Weye, unatafuta jina ao unatafuta mutoto?"

Nilimkasirikia! Siku kadhaa nilikwenda kula chakula changu ndani ya gari. Lakini swali lake lilinifuata humo humo.

Cha kuchekesha ni kwamba lugha yetu ilikuwa imeshanirahisishia kazi. Kila siku wazungu wananicheka nikimwita babu "she" na bibi "he", kwa sababu kwetu wote ni "yeye". Ningeweza kumpenda mwanangu kwa Kiswahili bila kujikwaa hata mara moja! Kilichonishinda ni jina, na uchungu wa jina lile ulikuwa wangu, si wake.

Nikarudi kule. Nilisimama mbele ya Miss Loretta, nikasema namtafuta Moraa, mimi ni mamake. Akasema atamuuliza kama anataka kuniona.

Hakutaka.

Nikaomba nifanye kazi yoyote. Wakanipa jikoni, Jumamosi, kukata vitunguu na kuosha sufuria. Miezi ilipita. Moraa alikuja kwenye chakula, akaniona, akala katika chumba kingine. Halafu siku moja akala katika chumba nilichokuwamo, meza ya mbali. Sikumsogelea. Nililia juu ya vitunguu na hakuna aliyeniuliza sababu.

Kiangazi kilichopita walifanya karamu ya kuwashukuru waliowasaidia. Moraa alivaa gauni la njano, nywele amesuka, na kwenye paji la uso alikuwa mama yangu mtupu. Mgeni mmoja alimuuliza mimi ni nani. Nilingoja.

"This is Beatrice," akasema kwa adabu. "She helps in the kitchen."

Nikampa mgeni mkono. Ningesema nini? Alisema kweli tupu.

Baadaye, nikiwa nimebeba trei ya vikombe, nilisikia sauti yake ikiita kutoka upande wa pili wa ukumbi, kwa furaha, kama alivyokuwa akiniita akitoka shule: "Mama! Mama, come here!" Nikageuka haraka, vikombe vikagongana. "Naam!" nikaitika.

Alikuwa anamwita Miss Loretta.

Watu wachache waliniona. Moraa pia aliniona. Nikasema trei ni nzito, nikarudi jikoni.

Sina chuki na Miss Loretta. Mimi nilimwacha mtoto kwenye Januari, yeye akamfungulia mlango. Jina lile la "Mama" amelifanyia kazi, na mimi nililikataa mwenyewe mbele ya kanisa zima, kwa mdomo wangu.

Wazazi wenzangu, nawasihi. Siku mtoto wako atakapokuambia jambo usilolielewa, usiulize watu watasema nini, wala wewe utaitwaje. Usilipeleke kwa Mama Sheila wako. Zima redio. Mwite kwa jina analoliitikia, mwite akiwa bado anakuita mama... Hayo mengine utayaelewa polepole, kama ninavyoyaelewa mimi sasa nikiwa nimechelewa.

Bado naenda kule kila Jumamosi. Moraa akipita jikoni hunisalimia, "Hi, Beatrice." Naitika upesi, kabla hajabadili mawazo.