Aliyelipokea Begi la Gideoni

Siku ya tatu tangu mumewe arudi kutoka Japani, Loisi alizamisha kikombe kwenye mtungi ili anywe maji, kikombe kikagonga.

Ulikuwa mwezi wa kumi, saa saba mchana, na jua la Mkonze, kando ya mji wa Dodoma, lilikuwa kali kiasi kwamba hata kuku walikuwa wamejibanza chini ya toroli. Aliingiza kidole. Juu ya maji kulikuwa na utando wa barafu, mwembamba na safi. Nyumba ile haikuwa na friji.

Loisi hakuogopa. Alikasirika, maana wiki ile kila kitu kilimkasirisha, na sababu tuiseme mapema: Loisi alikuwa na wivu, na si ule wivu wa kuchekwa na mashoga. Ule ulikuwa unamnyima usingizi na chakula.

Gideoni, mumewe na baba wa Erica, binti yao aliyekuwa shule ya bweni, alikuwa bwana shamba wa zabibu. Alipelekwa miezi tisa mkoa wa Nagano kujifunza kupogoa mizabibu. Katika simu zake alisema kule ni kama Dodoma iliyoinuliwa juu: katikati ya nchi, hakuna bahari, watu wanaishi kwa zabibu. Tofauti ni milima. Imelizunguka bonde pande zote, jua linachelewa kuchomoza na linawahi kuzama, na majira ya baridi theluji inafika madirishani. Vijana wamehamia mijini, na nyumba za juu mteremkoni zimebaki tupu.

Yote hayo Loisi aliyasikiliza nusunusu. Alichokishika yeye ni picha. Katika moja, nyuma ya Gideoni, kati ya mizabibu, alisimama mwanamke mwenye kilemba cha bluu, amegeuza uso pembeni. Loisi aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa vidoadoa.

"Baba Erica, huyu ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu nyuma yako."

"Mke wangu, nyuma yangu hapakuwa na mtu."

Mwongo mkubwa, Loisi akawaza, na akalitunza jambo hilo miezi mitano.

Basi siku Gideoni aliposhuka kwenye bajaji na kupiga hodi getini, akiwa amekonda na anacheka, begi mkononi, Loisi alilitazama begi badala ya uso wake. Kwenye mpini kulifungwa kitambaa cha bluu, kwa fundo dogo, zuri, la kike. Kwetu msafiri hapokelewi kwa maneno tu. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba akiingia mtu na mzigo, unaukimbilia, unautoa mkononi mwake, ndipo unasema pole na safari. Loisi alikunja mikono kifuani.

"Aliyekufungia ndiye akupokee," alisema.

Gideoni alicheka akidhani ni utani. Aliliweka begi chini kizingitini ili amkumbatie, na alipoinama tena kulichukua, hakulikuta. Lilikuwa chumbani, kando ya kitanda. Kila mmoja alidhani mwenzake amelipeleka.

Baada ya ule mtungi yalifuata mengine. Kandambili za Loisi, alizoziacha mlangoni kama zilivyoangukia, alizikuta zimepangwa sambamba, ncha zikielekea nje. Mara ya kwanza alizirudisha. Mara ya nne akauliza.

"Mimi sijazigusa," alisema Gideoni. "Ila kule ndivyo wanavyofanya. Mwenye nyumba humgeuzia mgeni viatu vyake, ili akiondoka asihangaike."

"Na mgeni humu ni nani?"

Gideoni alichungulia chumbani. Viatu vyake yeye vilikuwa ndani, chini ya kitanda, vimefutwa vumbi.

Kisha chakula. Loisi aligeuza ugali wa uwele, akapika mlenda kama Gideoni anavyoupenda, akamwita. Gideoni alikuja akijipapasa tumbo. "Ah, mama Erica, umesahau? Si nimekula sasa hivi."

"Umekula kwa nani?"

"Hapahapa! Si umeniandalia mwenyewe? Ulinipa mgongo tu, hukutaka hata kunitazama." Na midomo yake ilikuwa ya zambarau, na alipomshika mkono, Loisi aliuachia haraka kwa jinsi ulivyokuwa wa baridi.

Hapo ndipo hasira ikaanza kumtoka na hofu ikachukua nafasi. Wanaume wanaochepuka Loisi alikuwa amewasikia wengi, lakini hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwa mchepuko akiwa na jalidi, ule unga mweupe wa barafu, kwenye kope. Gideoni alijifunika mablanketi mawili mchana kweupe na meno yakamgongana. Kwenye zahanati walimpima malaria, hakuna. Mchungaji alikuja, akaomba vizuri sana, na nyumba ikatulia siku mbili. Siku ya tatu machipukizi yote ya mizabibu yao ya nyumbani, upande aliopanda Loisi, yaliamka meusi, yameungua kwa baridi, na ya upande wa Gideoni yalikuwa mabichi.

Mchana huo Loisi alikuwa uani anapepeta mtama aliposikia, kutoka jikoni ambako hakukuwa na mtu, mlango unasukumwa pembeni taratibu kama wa kuteleza, na mlango wa jikoni ulikuwa wa bawaba, kisha akasikia harufu ya moshi wa mti asioujua na ya majani yaliyochachuliwa, kisha nyayo laini za mtu aliyevua viatu, na mwisho kabisa sauti ya mwanamke, ndogo, yenye subira, ikijifunza neno moja baada ya jingine: "Po-le. Pole na. Pole na safa-ri. Mume wangu."

Ungo ulimtoka mikononi.

Kesho yake alipanda basi la kwenda Kondoa, akafika Busi, kwa mganga Bi Amina. Watu wengi wamewahi kupelekwa kwake wakiwa wamebebwa wakarudi kwa miguu yao. Alimkuta anachambua vitunguu, hana hirizi wala ubani.

"Shikamoo, Bi Amina."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Sema huku unachambua."

Loisi alisema yote. Kwanza Bi Amina aliuliza swali moja. "Nani alimpokea mzigo?"

Loisi akainamisha kichwa.

"Nilijua. Na kule, huyu mumeo alifanya nini? Mpigie."

Gideoni alijibu simu kwa sauti ya kutetemeka. Alisema kwamba njiani kwenda shambani kulikuwa na nyumba tupu, wenyewe wamekufa zamani, lakini kila msimu barazani hutundikwa matunda yakauke, na pale kijijini hakuna anayesema nani huyatundika. Yeye ni Mgogo, hawezi kupita mji wa watu kimya. Kila asubuhi alikuwa anainamisha kichwa na kusema, "Mbukwenyi!" Salamu tu.

"Kuna siku walikujibu?" Bi Amina akauliza.

"Siku ya mwisho. Nilidhani ni mwangwi wa milima. Jioni nikakuta begi limeshafungwa."

Bi Amina alikata simu. "Mwanamke wa nyumba ile miaka mingi hajasalimiwa na mtu. Mumeo kamsalimia miezi tisa, naye kamfungia begi, kamfuata. Halafu wewe mlangoni ukamwachia nafasi yako kwa mdomo wako. Mimi siwezi kumtoa. Utamtoa wewe. Mumeo arudi aliposhukia, na begi lilelile. Aje apige hodi upya. Umpokee wewe. Fundo ulifungue kwa vidole vyako, kitambaa ukichome. Na sikiliza hili, Loisi."

"Nasikiliza, Bi."

"Usije ukamuuliza habari za huyo mwanamke. Leo, kesho, mpaka mzeeke. Wivu wako ndio mlango alioingilia. Siku ukiuliza, umeufungua tena, na mimi usinitafute."

Jumamosi saa sita adhuhuri Gideoni alisimama getini, amevaa koti, anatetemeka. Loisi alisimama kizingitini.

"Hodi," alisema Gideoni.

"Hodi," ikasema sauti nyingine, nyuma yake kidogo.

Vumbini, kando ya nyayo za mumewe zinazokuja, Loisi aliona nyayo nyingine zikijichapa zenyewe, ndogo, za miguu mitupu, kila moja imelowa maji, na alitaka kukimbia, alitaka kupiga kelele mpaka Mkonze yote ije, lakini alimwona Gideoni macho yamezama na kope nyeupe, akakumbuka alivyolitazama begi badala ya uso wake, akaona aibu kuliko hofu, akaenda mbio, akaushika mpini. Ukavutwa. Akavuta. Upande wa pili kulikuwa na mkono usioonekana, na ulikuwa na nguvu.

"Huyu ni mume wangu!" Loisi alipiga kelele. "Nampokea mimi! Pole na safari, baba Erica, karibu nyumbani!"

Begi likaachiwa ghafla, wakaanguka wote wawili. Fundo liliunguza vidole vyake kwa baridi, lakini alilifungua, na ndani yake akakuta unywele mmoja, mweusi, laini, mrefu kupita mkono wake ulionyooshwa. Alivichoma vyote pamoja uani. Gideoni alianza kutokwa jasho, akavua koti, akaomba mlenda. Loisi alilia kwa furaha huku anamtazama akila.

Mvua zikaja. Mizabibu iliyoungua ikachipua upya. Maji ya mtungi yakawa maji. Loisi angekuwa na raha kuliko mwanamke yeyote wa Mkonze, kama si ule unywele. Akisuka, aliufikiria. Akijitazama kiooni, aliupima na wake. Miezi miwili aliumeza.

Halafu mchana mmoja, Gideoni amejilaza kwenye kochi ameshiba, neno likamtoka kabla hajalishika.

"Baba Erica, niambie ukweli. Alikuwa mzuri kunishinda?"

"Nani?" Gideoni alifumbua jicho moja.

"Basi. Hamna kitu."

Matone yalianza kudondoka. Loisi alikimbilia uani miguu mitupu kuanua nguo, akijiambia kwamba neno moja si kitu. Aliporudi na nguo mikononi, mlango ulikuwa umefungwa. Mbele yake zilikuwa kandambili zake, zimepangwa sambamba, ncha zikielekea getini. Kutoka ndani ilitoka harufu ya ule moshi, na sauti ya Gideoni ikisema, "Asante, mke wangu."

Alisukuma mlango, haukusogea. Akasukuma tena. Mwisho, akitetemeka kwenye mvua, nje ya nyumba aliyoijenga na mumewe tofali kwa tofali, Loisi alipiga hodi.

Ndani, sauti ya mwanamke ikajibu, kwa Kiswahili kisicho na kasoro hata moja.

"Karibu, mgeni."