Mitungi Ilirudi Mitupu

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ya rasharasha, na mimi na shemeji tulianza siku kama kawaida yetu, kwa kubishana. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni dereva wa pikapu katika kampuni yetu inayosambaza mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa wanaouguzwa nyumbani. Hunipitia kila siku. Mvua ikinyesha tunafunga vioo, na kioo cha mbele kinajaa ukungu wa pumzi zetu. Yeye hufuta kwa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani.

"Punguza maneno, shemeji," akasema. "Unanijazia kioo."

"Na wewe unapumua kama fahali. Futa upande wako."

Kazi yangu ni kuwaonyesha madereva pa kwenda. Mgonjwa, au mwanawe, anaandika anwani kwenye simu jinsi anavyojua: nyuma ya kiwanda cha magodoro, geti la bluu, ukiona mbwa umepitiliza. Mfumo nilioutengeneza unayachukua maneno hayo, unayageuza kuwa namba mbili, latitudo na longitudo, na kuzituma kwenye simu ya dereva bila mtu kugusa kitu. Sikusomea chuoni. Nilijifunza kwa kuharibu na kurekebisha, na mfumo niliulea kama shangazi, ambaye siku hizi naye anapumulia mitungi yetu, alivyonilea mimi na dada yangu: usichokijua, sema hukijui. Anwani isipoeleweka uliandika "sijui", dereva akampigia mteja. Basi.

Meneja hakulipenda neno hilo. "Mteja akisikia sijui, anatukimbia."

Nikamwambia kwamba mteja ambaye mtungi wake umepelekwa kwa jirani atatukimbia akiwa ndani ya jeneza. Hakucheka. Aliagiza kwamba anwani isipopatikana, mfumo utoe nukta ya katikati ya mtaa, dereva amalizie kwa kuuliza. Na dereva akibonyeza "nimekabidhi", mfumo uikumbuke nukta hiyo kuwa ndiyo nyumba yenyewe. Nilikataa. Nilipoenda likizo akamleta fundi mwingine, akabadilisha. Nimerudi nakuta kitu changu kimefundishwa uongo.

Haukupita muda, simu zikaanza. Mtungi haujafika. Mama anazidiwa, mtungi haujafika. Na kwenye mfumo kila mtungi ulikuwa umekabidhiwa, na dereva ni yule yule mmoja, shemeji.

Sasa asubuhi hiyo ya mvua, tulipofika tu ofisini, juu ya karakana ya matairi, meneja akamsimamisha shemeji mbele ya watu.

"Mitungi unauza wapi?"

"Siuzi, bosi. Naenda simu inakonielekeza, na mtu ananipokea."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Yuko nyuma ya geti. Anasema tu, weka hapo. Safari inayofuata nakuta mtupu nje, nauchukua."

Meneja akacheka kwa pua. Akasema asipopata jibu la maana kabla ya jioni, litatafutwa na polisi.

Damu ilinichemka. Nikashuka stoo kuikagua mitungi iliyorudi. Nilisema moyoni, kama shemeji ni mwizi nitamshika mwenyewe, udugu baadaye. Nikasoma geji moja moja. Zote sifuri. Lakini mwizi huuza mtungi wote, hafyonzi hewa akarudisha chuma. Nikaziangalia barakoa, zile za kuvaa puani na mdomoni. Ndani zilikuwa na unyevu.

Kuna mtu alikuwa ameipumua hewa ile.

Mchana mvua ilikata, jua likawaka. Nikamwambia shemeji twende. Simu ikatuongoza hadi kwenye ile nukta ya katikati ya mtaa, kwenye nyumba yenye geti la bati la kijivu na madirisha yaliyofungwa. "Umefika," ikasema. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa kazini chini ya mwavuli. Nikamwuliza anayeishi pale.

"Haishi mtu."

"Na hii gari hujawahi kuiona ikileta mitungi hapa?"

"Naiona. Nilidhani mnajuana wenyewe." Akaendelea kushona. "Alikuwepo mzee wa pumu. Siku alipozidiwa waliita gari la wagonjwa. King'ora tulikisikia kikizunguka, mtaa wa juu, mtaa wa chini. Nyumba hawakuiona mpaka mzee akakata roho." Akaukata uzi kwa meno. "Sasa magari yanaiona."

Mimi ni mtu wa maneno ya wazi, hata kwa nisiyemwona. Nikaligonga geti kwa ngumi.

"Wewe wa ndani. Hii mitungi ina wenyewe, na wenyewe wanakufa."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya bati, karibu na sikio langu, sauti ya mtu anayeokoteza pumzi.

"Weka hapo."

Nikalisukuma geti. Halikuwa limefungwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, tukaingia chumba cha kwanza. Kitanda cha chuma. Vumbi sakafuni, laini kama unga. Juu ya vumbi alama za duara, kila mtungi uliposimama. Unyayo hapakuwa hata mmoja.

Kwenye nondo ya kitanda ilining'inia barakoa. Haikuunganishwa na kitu. Ukungu ukajaa ndani yake. Ukatoweka. Ukajaa tena.

"Shemeji," akaninong'oneza, "inapumua."

Hatukukimbia. Tulirudi kinyumenyume, tusiipe mgongo.

Ofisini nilimweleza meneja, akanitazama kama mlevi. Sikumngoja. Nikafungua mfumo nianze kuifuta nukta ile kwenye kila anwani iliyobandikiwa. Shemeji akasema yeye anamalizia mizigo iliyobaki, wagonjwa hawana kosa. Nikamwomba asubiri kwanza nisafishe.

"Nimebakiza ya njiani tu, na ya shangazi," akasema. "Kwa shangazi nahitaji simu? Si ndipo nilipomwolea dada yako?"

Kweli. Na nukta ya nyumba ya shangazi niliichukua mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Hiyo haikuwa na namna ya kukosewa.

Nikafuta. Nikafuta. Ikabaki anwani moja yenye nukta ile. Nikaisoma mara mbili.

Ya shangazi.

Nikampigia shemeji. Akapokea upesi, sauti imetulia.

"Uko wapi?"

"Kwa shangazi. Leo ana nguvu, kanifungulia mlango mwenyewe."

Shangazi alikuwa hajasimama tangu mwaka uliopita. Kwenye ramani pikapu ilikuwa kwenye geti la kijivu.

"Toka humo."

"Mbona unafoka, shemeji? Amesema nikae nipumue kidogo."

Simu ikakatika. Nikampigia shangazi. Akapokea kwa shida.

"Mwanangu, mtungi unaisha. Huyo mkwe wetu yuko wapi?"

Huko yuko mmoja, huku mwingine, na mimi miguu ni hii miwili. Nikabeba mtungi wa akiba, nikakodi pikipiki, nikaenda kwa shangazi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Nikamfungia mtungi, nikamshika mkono mpaka rangi ikarudi midomoni. Halafu nikamwambia mwenye pikipiki akimbie.

Fundi viatu alikuwa ameondoka, mwavuli wake umebaki. Pikapu ilikuwa nje ya geti, imezimwa, vioo vyote vimefungwa, jua kali. Shemeji ameketi ndani, mikono kwenye usukani. Nikafungua mlango. Akageuka taratibu, akatabasamu.

"Nimeshakabidhi," akasema.

Nyuma kulikuwa na mtungi wa shangazi. Nikaupima. Sifuri.

Polisi hawakuitwa. Nilimpeleka meneja kwa nguvu mpaka kwenye kile chumba. Alitoka kinyumenyume kama sisi, na kesho yake akaniruhusu nirudishe "sijui" yangu. Imerudi. Tangu hapo mtungi haujapotea, na geti la kijivu haliletewi kitu. Shangazi anaendelea vizuri, anagombana na watu kama zamani. Wote wanasema yameisha, na mimi ningependa kusema hivyo, kwa kuwa nimechoka kuonekana mwenye wazimu.

Dada anasema mumewe siku hizi hakoromi. Anasema usiku wakati mwingine yeye humwekea mkono kifuani, asikilize, kisha akacheka, akabadilisha maneno.

Jana shemeji alinipitia kama kawaida. Mvua ikatukamata njiani, tukafunga vioo. Nikaongea sana, makusudi. Ukungu ukaanza kupanda kwenye kioo mbele yangu, ukanizibia barabara. Kitambaa kilikuwa juu ya dashibodi, kimekunjwa, kina vumbi.

"Futa upande wako, shemeji," akaniambia.

Nikautazama upande wake. Ulikuwa mkavu na safi, barabara yote inaonekana.