Renae Akisema Hapana

Nyumbani kwa Duane na Renae Maki hakuna mgeni aliyewahi kukaribishwa kahawa mara moja tu. Waliishi Duluth, jimboni Minnesota, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Superior, na huko ndivyo watu walivyolelewa. Ukikaribishwa mara ya kwanza, unakataa. Ukikaribishwa mara ya pili, unakataa tena, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya basi, kidogo tu." Anayekubali upesi huonekana mlafi. Anayeacha kukaribisha kabla ya mara ya tatu huonekana mchoyo. Ustaarabu huu ni mzuri sana sebuleni.

Duane alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji barabarani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono mikubwa na maswali mengi. Kifaa kikiharibika alikifungua aone ndani kuna nini. Mkewe Renae alikuwa mpishi wa shule. Kutwa alilisha watoto wa watu, na jioni akamlisha Duane. Hakuwa mtu wa kusema anataka hiki au kile.

Kwa hiyo Duane alishangaa siku moja ya baridi, Renae aliposema huku akimenya viazi, "Nimejiandikisha marathoni."

"Ya kutazama?"

"Ya kukimbia, Duane! Ile ya hapa mjini, ya mwezi wa sita."

Duane aliweka kikombe mezani. Marathoni ni zaidi ya maili ishirini na sita. Hata kwa gari mtu husimama njiani akanyoosha miguu.

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria miaka yote nikiwatazama wengine wakipita. Usinicheke."

"Nani anacheka? Wewe kimbia. Mengine yote niachie mimi."

Na kweli aliyashika. Alijifunza kupika tambi, za kwanza zikawa gundi, za pili zikalika. Alifua soksi. Theluji ilipogoma kuyeyuka, alitangulia na koleo kumsafishia mkewe njia. Lakini zaidi ya yote, Duane alishika maji. Kiangazi kimoja mwenzake kazini alianguka kwa joto walipokuwa wakiweka lami. Duane hakuwahi kuusahau uso wa yule bwana. Tangu hapo aliamini kwamba mtu yeyote akizidiwa barabarani, dawa yake ni maji, na yakiwa mengi ni bora zaidi.

Mwezi wa tano ukafika. Renae alipanga kukimbia mwendo mrefu kuliko yote aliyowahi kukimbia, kando ya ziwa. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda na upepo wa baridi ulivuma kutoka majini. Duane alitangulia na gari lake, akasimama mbele, akamngoja na chupa.

"Maji, mpenzi?"

"Hapana, asante. Sina kiu."

"Kunywa kidogo."

"Niko sawa tu."

"Hata mafunda mawili?"

"Haya basi, kidogo."

Alikunywa, na Duane akaridhika. Akawasha gari, akasogea mbele, akamngoja tena. Na tena. Kila kituo yalikuwa yale yale: hapana, hapana, haya basi. Chupa ziliisha moja baada ya nyingine, na Duane alijiona mume wa mfano.

Walipokaribia nyumbani, Renae alikuwa anatembea. Uso ulikuwa umevimba na rangi imempotea.

"Kichwa kinaniuma," alisema. "Tumbo limejaa. Nataka kutapika."

"Umeishiwa na maji mwilini! Kunywa haya."

"Hapana, Duane."

"Kunywa upate nguvu."

"Sijisikii."

"Nakuomba, mke wangu."

Renae akanywa. Kisha akainama, akatapika kando ya barabara. Duane alimwingiza garini, akaendesha hadi nyumbani, akapiga honi akiwa bado njiani.

Jirani yao, Karin Oleson, alikuwa uani akipanga kuni. Karin alikuwa nesi, na kila mwaka siku ya marathoni alifanya kazi katika hema la huduma ya kwanza. Alikuja mbio. Alimkuta Duane anafungua chupa nyingine.

"Weka hiyo chupa chini, Duane."

"Ana kiu, Karin! Mtazame!"

"Ninamtazama. Iweke chini."

Karin alimshika Renae mkono. Vidole vilikuwa vimevimba, pete imebana. Alimuuliza jina lake, leo ni siku gani, na alikuwa ametoka wapi. Renae alijibu yote sawasawa, ingawa polepole.

"Una kiu?"

"Hapana. Sikuwa na kiu tangu nianze."

"Sasa mbona umekunywa?"

Renae akamtazama Duane. Duane akatazama viatu vyake.

"Alinikaribisha mara tatu," alisema Renae.

Karin hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. "Mpeleke hospitali sasa hivi," alimwambia Duane. "Wapime damu. Akili yake iko sawa, lakini hatubahatishi. Na njiani usimpe maji, hata tone. Mimi nawapigia simu kuwaambia mnakuja. Akianza kuropokwa, kusinzia ovyo au kupata degedege, simama uite gari la wagonjwa."

Hospitali walimpima. Daktari alisema chumvi ya damuni imeshuka kwa sababu ya maji mengi. Walimlaza kitandani wakimwangalia, bila kumnywesha kitu, mpaka mwili wake ukayatoa yale maji wenyewe kwa njia ya mkojo. Jioni walimruhusu. Duane alimfunika blanketi garini. Alikuwa ameogopa, na zaidi ya hofu aliona aibu, kwa kuwa mkono uliomwumiza mkewe ulikuwa wake mwenyewe.

Kesho yake Karin alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuta Renae ameketi, amechangamka, na Duane ana swali ambalo halikumpa usingizi.

"Karin, nieleweshe. Maji! Maji haya haya ya bombani! Yanamwumizaje mtu?"

"Una supu jikoni?"

"Ipo ya kuku."

"Onja."

Duane alionja. Ilikuwa imekolea. Karin akachukua jagi la maji, akamimina sufuriani, akakoroga.

"Onja tena."

Duane alikunja uso. "Imekuwa chapwa! Umeniharibia supu, dada!"

"Chumvi imekwenda wapi?"

Duane akachungulia sufuriani. "Haijaenda popote. Imo humu humu. Maji yameizidi."

"Basi ndivyo ilivyokuwa damu ya Renae jana. Mwili unahitaji chumvi yake ikae kwa kiasi. Mtu akikimbia, figo zinachelewa kutoa maji. Naye anatoka jasho, na jasho lina chumvi. Sasa wewe unamimina, unamimina. Chumvi inakuwa kidogo kwa maji yaliyopo. Maji yanaingia mwilini kila mahali, mwili unavimba, hata ubongo. Ukiendelea kummiminia, anaweza kufa."

Renae alimshika mumewe bega.

"Lakini yule mwenzangu wa kazini alianguka kwa kukosa maji," alisema Duane.

"Kweli. Joto la kiangazi, jua la utosi, na hakunywa kitu. Hiyo nayo ni hatari, nami sisemi watu wasinywe. Nasema wanywe kwa kiu yao. Jana kulikuwa na ukungu na baridi. Renae alitoka jasho kidogo, na anakimbia polepole, kwa hiyo alikuwa njiani muda mrefu, na kila ukisimama yeye anakunywa. Wakimbiaji wa polepole ndio tunaowaona zaidi hemani kwa jambo hili."

"Nitajuaje kwamba ana kiu?" aliuliza Duane. "Mimi simo ndani ya koo lake."

"Muulize."

"Nilimuuliza!"

"Ulimuuliza, akajibu, ukakataa jibu."

Lakini Karin hakuwa amemaliza. Alimgeukia Renae.

"Na wewe, shoga yangu, usijifiche nyuma ya mumeo. Tumbo limejaa, koo limelowa, unakunywa kwa adabu! Barabarani hakuna adabu. Hapana iwe hapana. Ndiyo iwe ndiyo, tena mara ya kwanza."

"Mama yangu angenikana," alisema Renae.

"Mama yako alikimbia marathoni?"

Walicheka wote, na hapo hapo wakapatana. Duane atauliza mara moja tu. Renae atajibu anachokihisi. Chakula cha siku ya mbio kitakuwa kile kile alichozoea mazoezini, bila majaribio. Duane atabeba biskuti za chumvi, na atasimama mahali walipopatana, ili Renae asipoteze nguvu kumtafuta kwenye umati. Lakini Karin aliwaonya kwamba biskuti hazimpi mtu ruhusa ya kunywa kupita kiu. Daktari alimtaka Renae apumzike kwanza, kisha akamruhusu kurudi mazoezini.

Kusema ni rahisi. Mazoezi ya Duane yalikuwa magumu kuliko ya mkewe. Mezani alisema, "Viazi?" Renae akasema, "Hapana." Duane akaketi na kijiko hewani, ulimi unamwasha. Alihisi anamnyima mkewe chakula. Siku nyingine Renae alilala na njaa kwa kukataa bila kufikiri, na asubuhi akamnunia. Walikuwa watu wazima wanaojifunza kusema upya.

Siku ya marathoni ilifika. Ukungu wa asubuhi uliwahi kuondoka na jua likatoka. Duane alisimama mahali pa kwanza walipopatana, chupa mkononi. Watu walipita kwa mamia. Kisha akamwona Renae, kofia nyeupe, hatua fupi fupi.

"Maji?"

"Hapana!"

Akapita. Ikawa imekwisha. Duane alibaki na chupa yake, na neno "kidogo tu" limemkwama kooni. Alitamani kumkimbilia. Je, ile hapana ilikuwa ya kweli, au ilikuwa ya sebuleni? Jua lilikuwa linapanda. Akikosea sasa kwa kunyamaza, mkewe ataanguka kama yule mwenzake. Akikosea kwa kumlazimisha, atamrudisha hospitali. Aliuma meno, akapanda gari, akaenda mahali pa pili.

Huko alingoja sana. Wakimbiaji walipungua. Wengine walitembea. Wengine walilia na kuendelea. Duane alimuuliza kila mtu aliye karibu kama amemwona mwanamke mwenye kofia nyeupe, kana kwamba kofia nyeupe ilikuwa moja tu Minnesota nzima. Mwishowe Renae akatokea. Uso ulikuwa mwekundu, jasho limeacha chumvi mashavuni.

"Maji?" aliuliza Duane.

"Hapana, niko sawa tu," alisema Renae, akapita.

Mkono wa Duane ulinyooka wenyewe. Akaurudisha. Aliushika kwa mkono wa pili ili usimponyoke. Alimtazama mkewe mgongoni akienda, na machozi yakamlenga.

Renae alikwenda hatua chache. Akasimama. Akageuka.

"Muongo mimi!" alipiga kelele. "Nina kiu! Nipe hiyo chupa!"

Duane alimpa. Renae alikunywa mafunda kadhaa, akatulia, akasikiliza koo lake kama mtu anayeonja mchuzi. Akanywa funda moja zaidi, kisha akamrudishia chupa ikiwa na zaidi ya nusu.

"Basi. Biskuti."

Akatoa biskuti. Renae akachukua tatu, akaondoka akitafuna. Mzee mmoja aliyekaa kando kwenye kiti cha kukunja alimtazama Duane.

"Mkeo mkali," alisema.

"Leo ndiyo nimemjua," alisema Duane, akifuta macho.

Alasiri Renae alimaliza. Hakumaliza kwa kasi, lakini alimaliza kwa miguu yake, akijua jina lake na siku ya leo. Karin alimwangalia vidole hemani, akakuta pete inazunguka bila shida. Akamuuliza kuhusu tumbo na kichwa, akamruhusu kwenda.

Duane alikuwa nje ya uzio wa mwisho wa mbio, na mfuko uliojaa: sweta, blanketi, ndizi, mkate, maji, kahawa ya moto kwenye chupa. Alimvalisha sweta, akamfunika blanketi. Walitembea pamoja polepole, kwa maana Karin alisema asiketi ghafla. Duane alikuwa na karamu nzima begani na hakumkaribisha hata ndizi. Alinyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa kazi kubwa kuliko kusukuma theluji ya majira yote.

Renae alisimama. Aliangalia ng'ambo ya barabara, mahali walipokuwa wakikaanga samaki wa ziwani na viazi. Foleni ilikuwa ndefu.

"Duane."

"Naam."

"Nataka samaki."

Duane alimtazama. Katika ndoa yao yote alikuwa amesikia "ukipenda," na "chochote tu," na "usijisumbue kwa ajili yangu." Neno hili hakuwa amewahi kulisikia kinywani mwake.

"Rudia," alisema.

"Nataka samaki! Wa moto! Wawili! Unangoja nini?"

Duane alimwachia mfuko wote palepale, akavuka barabara mbio, huku anacheka kwa sauti.